Mke Aliyepika Bila Chumvi

Mjane asiyelia huwa na kesi mbili, ya polisi na ya majirani, na ya majirani ndiyo isiyo na rufaa. Victorine alikuwa nazo zote mbili. Alikaa kwenye benchi la mbao katika kituo cha polisi cha Cité, mtaa wa Waafrika, kitambaa cheusi kichwani, mikono imelala mapajani, akamtazama mpelelezi Godefroid Mwenze kama mtu anayengoja zamu yake bombani.

Mumewe, Donat Mumba, fundi wa karakana ya reli, alizikwa jana. Kifo kilimkuta mezani, chakula kikiwa mbele yake. Akasema miguu haimsikii, akaegemea ukuta, moyo ukasimama. Mwili haujapoa sawasawa, mdogo wake Alexis alikuwa amekwisha fika kituoni kusema kwamba kaka yake amelishwa sumu na mkewe.

Komisere, yaani mkuu wa kituo, Mbelgiji mwenye tumbo kubwa na subira ndogo, alimpa Mwenze siku hiyo tu. Alasiri angepita substitut, yaani yule Mzungu anayeandika mashtaka. Kama hakutakuwa na jibu jingine, Victorine angekwenda gereza kuu kungoja kesi, na watoto wake watatu wangebaki mikononi mwa ukoo wa mume. Ukoo ulikuwa umesema wazi kwamba mwanamke aliyeua baba hawezi kulea watoto wa baba huyo.

"Tuanze tena, Mama Victorine," Mwenze alisema. "Ile siku ulipika nini?"

"Bukari na bowa."

Yaani ugali na uyoga. Huo ulikuwa msimu wa uyoga, na mji mzima ulikuwa unakula uyoga. Mwenze mwenyewe alikuwa ameula mchana na jioni bila kuchoka.

"Nani alikula?"

"Donat, mi, batoto. Na Mama Ngosa alikuwa pale, alikula."

Mama Ngosa ndiye aliyemzaa Donat. Aliishi Kasungami, kwenye mashamba, na haukupita muda mrefu bila yeye kuja mjini kumwona mwanawe.

"Chungu moja?"

"Chungu moja."

"Bote muko bazima, Donat peke yake njo alikufwa."

"Njo vile."

Basi uyoga ukatoka kwenye orodha ya washukiwa. Mwenze akavuta kiti karibu.

"Virginie, jirani yako, anasema miezi mingi ulikuwa unapika bila munyu. Ni bongo ao ni kweli?"

"Haiko bongo."

"Sababu ni nini?"

Victorine akatazama sakafu, na hapo mazungumzo yakafa kama yalivyokufa mara zote walipofika kwenye neno hilo la chumvi.

Inafaa tuseme hapa jambo ambalo mtu wa Katanga hahitaji kuambiwa, lakini komisere aliambiwa mara mbili na bado akakuna kichwa. Katika nyumba nyingi za huku, mwanamke hatii chumvi kwenye chungu ovyo. Akiwa katika siku zake, huita mtoto au jirani amtilie. Na akiwa ametoka nje ya ndoa, chumvi ya mkono wake, wazee wanasema, humvimbisha mumewe miguu na kumpeleka kaburini. Kwa hiyo mke akipika bila chumvi siku moja, hakuna neno. Akipika hivyo miezi, ni kama amesimama kanisani akaungama dhambi yake mbele ya wote. Na miguu ya Donat ilikuwa imevimba kweli, mtaa mzima ulikuwa umeiona.

Ushahidi huo ungemtosha Alexis, ungemtosha Virginie, na labda ungemtosha substitut kama angepata mkalimani mwenye haraka. Haukumtosha Mwenze, kwa sababu asubuhi alikuwa amepita hospitalini kwa Daktari Verhulst, aliyempasua marehemu. Daktari hakukuta sumu yoyote tumboni. Alikuta figo mbili zilizosinyaa, ndogo kama za mtoto. Tena hakushangaa kuziona, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimtibu Donat kimya kimya, na yeye ndiye aliyempiga marufuku chumvi.

"Ugonjwa huo ungemuua," daktari alikuwa amemwambia, "lakini si sasa, wala si kwa namna hiyo. Angelala kitandani muda mrefu kwanza, akitapika, akili ikimpotea. Moyo wa mtu huyu umesimamishwa ghafla. Kuna kitu, Mwenze. Sikijui."

Sasa Mwenze akalitupa neno hilo mbele ya mjane.

"Docteur alimukataza Donat munyu. Njo maana ulikuwa unapika vile."

Kwa mara ya kwanza Victorine aliinua uso haraka. "Alikuambia?"

"Aliniambia."

"Umeambia nani tena?"

"Bado sijaambia muntu."

"Usiseme kwa bantu ya kilio. Nakuomba."

Mwenze alikasirika, na hakujisumbua kuficha. "Mama, unanisikia? Bantu banasema ulipika bila munyu juu ya uzinzi. Hii neno moja ya docteur inaweza kukutosha mu boloko, urudi nyumbani. Na unataka niifiche?"

"Nimesikia," Victorine alisema. "Usiseme."

Mwenze akatoka nje, akapanda baiskeli. Katika kazi yake alikuwa amezoea watu wanaoficha makosa yao. Mtu anayeficha utetezi wake alikuwa kitu kipya, na njia nzima alijiuliza ni nani anayelindwa na kimya kile.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai la reli, wakizunguka gogo lililokuwa linawaka taratibu. Mvua ilikuwa imepita na kuacha matope mekundu. Wimbo wa kanisa ulikuwa unapanda na kushuka dirishani.

Alexis alikuja kumpokea. Alikuwa kijana mwenye ndevu za kuchora na maneno mengi, na alikuwa amevaa koti la kaka yake. Desturi inasema vitu vya marehemu hugawanywa siku ya kumaliza kilio. Kwa upande wa koti, Alexis alikuwa amekwisha maliza.

"Inspecteur, nilikuwa nakungojea," alisema, akamvuta pembeni hadi nyuma ya jiko. "Niko na kitu. Sikuonyesha muntu, hata mama."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwa ganda kavu la muhindi. Akafungua. Ndani kulikuwa na kipande kigumu, rangi ya majivu, ukubwa wa yai la kuku.

"Ona. Iko dawa ya kuloga. Yule mwanamuke alimutiya mu mufuko, njo iliua kaka yangu."

"Ilikuwa mu hii koti?"

"Mu hii."

"Uliivaa lini?"

Alexis akatazama pembeni. "Jana. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Kweli, jana ilinyesha," Mwenze alisema. "Ilikuwa na nini tena mufukoni?"

"Kisu ya kaka. Kidogo tu. Ile ya kukunja."

"Leta."

Mwenze akakipokea kipande pamoja na ganda lake, akakigeuza kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa na magamba, kama ukoko uliobanduliwa kwenye chungu. Upande wa pili ulikuwa laini, umekwanguliwa, ukwanguo juu ya ukwanguo, kama sabuni inayokatwa kidogo kidogo ili idumu. Akafungua kisu. Kwenye shina la bapa, pale vidole visipofika kusafisha, kulikuwa na unga ule ule wa kijivu.

"Alexis, kaka yako alikuwa anapenda muntu ashike kisu yake?"

"Hapana. Hata mi alikuwa ananikataza."

"Basi fikiria. Muntu anatiwa dawa ya kumuua mu mufuko. Kisha yeye mwenyewe anatosha kisu yake, anaikwangua, anarudisha. Kesho tena. Umeona wapi muntu anajiloga kwa zamu?"



Mwenze akanusa. Moshi wa zamani, na chini yake harufu ya kinamasi. Hakuonja. Alikuwa amewafahamu polisi wawili watatu waliopenda kuonja ushahidi, na mmoja wao alizikwa, Mwenze mwenyewe akibeba jeneza. Lakini alianza kukisia ni nini alichokishika, na makisio hayo hayakumpendeza. Akafunga ganda, akamwambia Alexis anyamaze hadi atakaporudi, jambo ambalo kwa Alexis lilikuwa adhabu ya kutosha.

*

Daktari Verhulst alikiweka kipande kwenye kisahani, akakwangua kidogo, akatia tone la maji na tone la asidi. Kisha akawasha taa ya spiriti. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye mikono yake ilionekana kufikiri kabla yake.

"Tazama kwanza hii," alisema kwa Kifaransa. Akachovya waya katika chumvi ya dukani, akaupeleka motoni. Mwali ukawaka manjano makali.

"Sasa hii yako."

Akausafisha waya, akauchovya katika unga wa kijivu. Mwali ukawa manjano tena, lakini hafifu, na pembeni palikuwa na kitu kingine kinachotaka kuonekana. Daktari akampa Mwenze kipande cha kioo cha buluu. "Tazama kupitia hapa. Kioo kinaimeza ile manjano."

Mwenze akatazama. Mwali wote ulikuwa zambarau, rangi ile ya maua ya jakaranda yanayoanguka kwenye barabara za Wazungu kabla ya mvua. Akarudia kutazama chumvi ya dukani kwa kioo kile kile, asione kitu.

"Ni chumvi," daktari alisema. "Lakini siyo ile niliyomkataza. Imetolewa kwenye majivu ya majani. Imejaa potasi."

"Inaua?"

"Wewe, hapana. Mimi, hapana. Watu wamekula chumvi hii tangu zamani, wamezeeka nayo. Figo nzima huiondoa potasi, ikatoka na mkojo, habari ikaisha. Figo za Donat hazikuweza. Kila alichokula kilibaki kwenye damu, kikapanda. Misuli inalegea, miguu kwanza. Halafu moyo. Na haiumi, Mwenze. Hamu ya kula inaweza kuwepo hadi siku yenyewe."

Akazima taa.

"Nilimwambia aache chumvi. Nilifikiri ya dukani, na nadhani yeye pia alifikiri hivyo. Nilikuwa nimemkadiria miaka, hata mitatu, kama angejitunza." Akanawa mikono. "Ingekuwa sumu ya arseniki ningejisikia vizuri zaidi."

"Na mimi pia, daktari," Mwenze alisema, na alikuwa anasema kweli.

*

Aliporudi kituoni alikiweka kipande mezani mbele ya Victorine, akafungua ganda.

Victorine alifumba macho.

"Iliisha," alisema polepole. "Aliniambia iliisha."

"Alikudanganya. Ilikuwa mu koti yake." Mwenze akakaa. "Mama, hakuna sumu. Hii njo ilimuua. Kwa muntu muzima ni munyu tu. Kwa figo za Donat, ilisimamisha roho yake. Docteur alipima mbele ya macho yangu."

Hapo ndipo Victorine alipolia. Alilia bila sauti, kitambaa mdomoni, hadi polisi wa mlangoni akatoka nje kwa heshima. Mwenze akangoja. Alimhurumia, na pia alikuwa na haraka, na alijua kwamba mambo hayo mawili hayapatani.

"Nani alimupatia?"

"Unajua nani."

"Nataka useme we."

"Mama Ngosa." Akapangusa uso. "Alizaa batoto saba. Alizika batano. Kulibakia Donat na Alexis. Wakati docteur alisema figo, Donat alinishika mukono mbele ya musalaba wa ndoa yetu. Alisema: mama asijue. Akisikia, atakufwa mbele yangu. Hata bantu baseme nini, we usiseme. Niliapa, inspecteur."

"Kisha mama akaona chakula haina munyu."

"Akaona na miguu inavimba. Hakuniuliza, haiko mwanamuke ya kuuliza maneno kama ile. Alianza tu kuniangalia vingine. Siku moja alikuja na munyu yake, akamupatia Donat ku pembeni. Nilimuambia Donat, docteur alikukataza. Akasema, hii haiko ya magasin, hii ni ya majani, ni kidogo tu." Akakunja kitambaa mapajani. "Alikuwa hakule. Nilikuwa napika anaangalia sahani. Na sasa akaanza kula, anaomba tena. Nilifurahi. Mi mwenyewe nilikuwa nasogeza sahani."

Mwenze akatazama dirishani. Mlinzi nje alikuwa anakung'uta matope kwenye viatu.

"Nitaandika kifo cha ugonjwa," alisema. "Substitut atakutosha leo."

"Basi andika vile. Na usimuambie yule mama."

"Sheria itakutosha inje, lakini ukoo haiko sheria. Batasema ulimuua, Bazungu bakakuficha. Batoto batabakia kwa Alexis. Unajua."

Alijua. Ilionekana usoni kwamba alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza na kulizunguka pande zote.

"Batoto ni bangu," alisema. "Nitapigania. Lakini ukimuambia, utakuwa umezika babili. Donat aliniomba kitu moja tu."

Mwenze hakumpa ahadi. Kuna nyakati mpelelezi hutamani asingepata alichokuwa anatafuta, na hii ilikuwa mojawapo. Akachukua ganda na kipande chake, akatoka.

*

Katika nyumba ya msiba, Mama Ngosa alitoka nje akishika ukuta. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, uso umepakwa majivu ya msiba, macho yamechoka lakini hayajalegea. Mwenze alimwinamia, akamwekea kigoda nyuma ya jiko, yeye akachuchumaa mbele yake kama mtoto wa nyumba.

"Pole, Mama."

"Asante, baba. Mulishamufunga?"

"Bado. Nataka kuuliza neno kidogo. Sababu gani unasema ni yeye?"

"Haiko mi njo nasema. Ni chungu yake inasema." Akajifunga kitenge vizuri. "Mwanamuke mwenye alilala inje anaogopa kutia munyu. Yeye aliogopa, ile ni vizuri, alikuwa anamuhurumia mutoto wangu. Lakini miguu ilivimba. Maana yake siku moja alisahau, akatia. Sikusema kitu. Mi ni muzazi, nikisema ndoa inavunjika. Nikaona nifanye ya mukono yangu. Mi niko muzee, nilishamaliza mambo ya dunia. Mukono yangu haina hatari."

"Ulifanyaje?"

Akamweleza, na kwa dakika hizo huzuni ilimpa nafasi kidogo, kwa kuwa alikuwa anaeleza kazi anayoiweza. Majani ya kinamasi chini ya Kasungami, yale marefu yenye ncha nyekundu. Anayakata wakati wa kiangazi, anayakausha, anayachoma juu ya jiwe safi. Majivu anayatia kwenye chungu chenye matundu, anamwagia maji, yanadondoka taratibu. Maji yale anayachemsha hadi yakauke na kuacha jiwe. Wasichana wa siku hizi hawajui hata jani lenyewe, wanakimbilia dukani.

"Alikuwa anaipenda?"

"Aliniomba tena na tena. Ile siku za mwisho alikuwa anakula sawa mutoto mudogo. Nilimushukuru Mungu."

Mwenze alikuwa amekuja na maswali matatu na mpango wa kuondoka. Maswali yalikuwa yamekwisha. Akajikuta anauliza la nne.

"Mama, Donat alikuambia alikuwa anaenda ku docteur?"

"Ku docteur? Kufanya nini?"

Mwenze akakawia kujibu, na kukawia kwake kukawa jibu. Mama Ngosa akainama mbele, akamtazama machoni.

"Baba, umeuliza munyu, umerudia munyu. Polisi haiwezi kuacha kazi kuja kujifunza kupika. Sema."

Akamwambia. Hakupamba wala hakupunguza. Figo, katazo la daktari, kiapo mbele ya msalaba, mwali wa zambarau, moyo. Alipomaliza, Mama Ngosa akamhoji kwa utulivu ambao Mwenze hakuwahi kuuona hata kwa komisere.

"Munyu ya magasin ingemuua?"

"Polepole, Mama. Ingemuvimbisha."

"Na yangu?"

"Mbio."

"Victorine alijua yangu inaua?"

"Hapana. Hakuna muntu alijua. Hata docteur alijua leo tu."

"Na we unajua kabisa? Haiko kufikiria tu?"

"Najua, Mama."

Akatikisa kichwa kidogo, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo na kupima uzito wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Donat aliyaficha kwa mapenzi, na kifo hakikumuumbua yeye aliyelala kaburini. Kiliwaumbua wanawake wawili waliompikia.

Wanawake ndani walikuwa wameanza wimbo mwingine. Mama Ngosa aliusikiliza hadi mwisho wa ubeti. Kisha akasimama bila kushika ukuta, akazunguka jiko, akaenda moja kwa moja mbele ya wanaume. Wakanyamaza mmoja mmoja.

"Alexis, vua koti ya kaka yako."

Alexis akavua.

"Sasa musikilize, sitarudia. Bibi ya Donat hana neno. Donat alikuwa mugonjwa, alituficha bote. Docteur alimukataza munyu, bibi yake akamutii. Mi njo nilimupatia munyu. Ile munyu ilimuua."

"Mama," Alexis alianza, "hii polisi imekudanganya..."

"Mi njo nilimuzaa na mi njo nilimulisha. Unanifundisha nini?"

Hakuna aliyemfundisha. Akamgeukia Mwenze. "Twende."

*

Walikwenda kwa miguu, Mwenze akisukuma baiskeli pembeni yake. Alimwomba apande nyuma, akakataa.

Substitut alikuwa amekwisha fika, mtu mwembamba mwenye saa ya mfukoni, akinywa kahawa na komisere. Mwenze akaeleza kwa Kifaransa, akaweka kipande mezani, akataja jina la daktari. Substitut akauliza maswali machache mazuri, akafunga faili. Hakuna jinai. Mjane aachiwe. Halafu akamwona yule mwanamke mdogo mwenye majivu usoni amesimama mlangoni.

"Huyu anataka nini?"

Mama Ngosa hakungoja kutafsiriwa. "Muambie, mutoshe ule mutoto, muniweke mi fasi yake."

Mwenze akatafsiri. Substitut akavua miwani, akamtazama mama yule kwa uso ambao kwa mara ya kwanza siku ile haukuwa na haraka.

"Mwambie ni bahati mbaya. Hakuna sheria inayomhusu. Arudi nyumbani akapumzike."

"Anasema hakuna sheria, Mama. Urudi kupumuzika."

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Banafunga muntu juu ya kukojoa mu barabara ya Bazungu," Mama Ngosa alisema. "Na kwa hii, hakuna."

Hilo Mwenze hakulitafsiri.

Walimleta Victorine kwa mlango wa nyuma, uani. Alipomwona mama mkwe wake alisimama ghafla, akamtazama Mwenze, na katika jicho lile Mwenze aliona lawama yote aliyostahili. Mama Ngosa akasogea. Magoti yake yakaanza kukunjika, mkubwa mbele ya mdogo, kitu ambacho hakuna aliyekuwepo pale aliyewahi kukiona. Victorine akakimbia, akapiga magoti yeye kwanza, akamshika mama yule kiunoni kabla hajafika chini. Wakabaki hivyo kwenye matope, mmoja ameinama, mwingine amepiga magoti, wakilia.

Mama Ngosa ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Victorine."

"Mama."

"Niambie neno moja. Docteur alimukataza munyu. Mi nilimupatia, akakula, akaomba tena. Alikuwa anajua itamuumiza?"

Mwenze alikuwa na jibu. Alilipata asubuhi kwa daktari na akalipata tena kwenye kisu: Donat aliambiwa waziwazi kwamba chumvi itamfupishia maisha, na hata kama alijiambia kwamba ya majani ni nyingine, bado alikuwa anaikwangua kwa siri, siku baada ya siku, kisha anamwambia mkewe imekwisha. Victorine naye alilijua jibu hilo kuliko mtu yeyote.

"Hapana, Mama," Victorine alisema. "Alikuwa anasikia tu njaa."

Mwenze, ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha maneno ya watu, hakulisahihisha hilo.